Mwongozo kamili: kutambua sarafu za shaba za Roma ya karne ya 4, kuanzia upande wa nyuma

Anayenunua fungu la sarafu chafu za Kirumi kwa mara ya kwanza hukwama karibu kila mara mahali palepale. Anashika sarafu, anatazama uso wa mfalme, kisha anaingia mtandaoni kutafuta uso unaofanana nao. Anapata kumi, na zote zinafanana. Anachagua mmoja kwa kubahatisha, na jina analoliandika kwenye kibahasha si la mwenye sarafu.

Macho yake hayana kosa. Nyuso hizi zilichongwa zifanane. Constantinus Mkuu na wanawe watatu wana pua ileile, jicho lilelile lililokodolewa na shingo ileile ndefu, kwa sababu mchongaji alitakiwa aonyeshe ufalme, na sura ya mtu mwenyewe ilikuwa jambo la pili. Kwa shaba za kuanzia mwaka 294 hadi mwanzoni mwa karne ya 5, uso ndio ushahidi dhaifu kuliko wote.

Kwa hiyo tutakwenda kwa mpangilio huu: kipimo, picha ya nyuma, alama iliyo chini ya picha, jina, na kichwa mwisho kabisa. Usiruke hatua. Kila hatua inapunguza idadi ya majibu yanayowezekana, na hiyo ndiyo kazi yake.

Vifaa vya kuwa navyo

- Kalipa, au rula yenye milimita zinazosomeka vizuri
- Mizani ya sonara inayopima hadi sehemu ya kumi ya gramu
- Lenzi ya kukuza mara kumi
- Taa ndogo inayoweza kulazwa pembeni
- Maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea kwenye betri ya gari. Hakikisha ni maji na si asidi ya betri. Madukani huwekwa pamoja
- Vijiti vya meno na mswaki laini
- Daftari na kalamu ya risasi
- Intaneti kwa hatua ya saba tu

Kabla ya kutoa pesa, muulize muuzaji sarafu zilitoka wapi na akuonyeshe karatasi. Nchi nyingi zilizokuwa chini ya Roma, zikiwemo Misri, Uturuki na Italia, zina sheria kali kuhusu kuchimba na kutoa vitu vya kale. Kama uko Uingereza na umezifukua mwenyewe, zikiwa kumi au zaidi mahali pamoja, sheria ya hazina ya mwaka 1996 inakutaka utoe taarifa.

Hatua ya 1: Safisha kiasi cha kusoma, basi

Loweka sarafu kwenye maji yasiyo na madini. Badilisha maji kila siku. Udongo ukishalainika, uondoe kwa kijiti cha meno ukianzia katikati kuelekea ukingoni, polepole, chini ya lenzi.

Sababu ya kutumia kijiti cha mti ni kwamba rangi ya kijani iliyokolea au ya kahawia inayofunika shaba ndiyo sasa inayobeba herufi. Chini yake mara nyingi hakuna picha tena, shaba yenyewe imeshaliwa. Ukiiondoa rangi hiyo umeiondoa sarafu.

Onyo kubwa: usitumie ndimu, ukwaju, siki wala dawa ya kung'arishia vyombo. Najua ndivyo tunavyosugua sinia na sufuria za shaba nyumbani, na zinang'aa kweli. Sufuria ni nene na haina maandishi. Sarafu ya gramu mbili ikiguswa na ndimu hupoteza herufi kwa muda mfupi sana, na hakuna njia ya kuzirudisha.

Ukiona madoa ya unga wa kijani kibichi uliopauka, unaodondoka ukiguswa, hayo ni maradhi ya shaba yanayoletwa na chumvi za kloridi zikikutana na unyevu. Itenge sarafu hiyo na nyingine, ikaushe vizuri na uihifadhi pakavu. Wakazi wa pwani wawe waangalifu zaidi.

Umefanikiwa ukiwa na picha inayoonekana kwa ujumla na herufi walau tano au sita kila upande. Sarafu haitakiwi kuonekana mpya.

Hatua ya 2: Pima kipenyo na uzito

Pima kipenyo mahali papana zaidi, kisha penye upungufu. Andika vyote viwili pamoja na uzito.

Kipimo kina maana kubwa kwa sababu thamani ya shaba ilikuwa ikiporomoka, na sarafu zilikuwa zikisinyaa nayo. Sarafu kubwa iliyoletwa na mageuzi ya mfalme Diocletianus mwaka 294 ina kama milimita 28 na gramu 10. Kufikia mwaka 313 imeshuka hadi milimita 20 hivi na gramu 3 na kidogo. Mwaka 330 ni milimita 17 au 18. Baada ya mwaka 335 ni 15 au 16, na uzito haufiki gramu 2. Mwaka 348 serikali ilijaribu tena kutoa sarafu kubwa zaidi, nazo zikasinyaa ndani ya miaka michache. Kuanzia mwaka 364 zinarudi milimita 17 hadi 19. Mwishoni mwa karne, baada ya mwaka 388, zilizo nyingi ni vipande vya milimita 13 vyenye gramu moja hivi.

Wauzaji hutumia vifupisho AE1 hadi AE4. AE1 ni zaidi ya milimita 25, AE2 ni 21 hadi 25, AE3 ni 17 hadi 21, na AE4 ni chini ya 17. Vifupisho hivi vinataja ukubwa peke yake. Si jina ambalo Warumi waliziita sarafu zao, kwa hiyo usidhani umeitambua sarafu kwa sababu tu mfuko umeandikwa AE3.

Hatua ya 3: Soma picha ya nyuma

Hapa ndipo penye utajiri, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Picha za nyuma zinazokutwa mara kwa mara ni chache, na kila moja ilitolewa kwa kipindi kinachojulikana. Laza taa pembeni, zungusha sarafu polepole, na uandike unachokiona kwa maneno ya kawaida kabla ya kutafuta jina lolote. "Watu wawili, fimbo mbili katikati" inatosha kwa kuanzia.

Hizi ndizo utakazokutana nazo zaidi.

*Mwanamume nusu uchi ameshika bakuli na pembe ya neema, sarafu kubwa.* Maandishi ni GENIO POPVLI ROMANI. Ni ya Diocletianus na wenzake, kuanzia mwaka 294.

*Mungu wa jua amesimama, mkono mmoja juu, kichwa kina miale.* SOLI INVICTO COMITI. Ni ya miaka ya 310.

*Lango la ngome lenye minara juu na nyota katikati.* Hii ni ya kuanzia mwaka 324 hadi karibu 330, na ina zawadi ndani yake: maandishi yakisomeka PROVIDENTIAE AVGG, kwa kawaida sarafu ni ya mfalme mwenyewe; yakisomeka PROVIDENTIAE CAESS, ni ya mmoja wa wanawe. Umeshapata cheo bila kugeuza sarafu.

*Askari wawili wanatazamana.* GLORIA EXERCITVS. Hesabu bendera za kikosi zilizo katikati yao. Zikiwa mbili, sarafu ni ya mwaka 330 hadi 335. Ikiwa moja, ni ya mwaka 335 hadi kama 341. Kosa la kuhesabu hapa ndilo linaloharibu tarehe nyingi kuliko kosa lolote ninalolijua. Kama katikati pamelika, rudi kwenye kipimo: milimita 18 inaelekeza kwenye mbili, 15 inaelekeza kwenye moja.

*Mbwa mwitu jike ananyonyesha watoto wawili*, au *malaika mwenye mabawa (kwa Warumi, mungu wa kike wa ushindi) amesimama kwenye gubeti ya jahazi akiwa na mkuki na ngao.* Zote mbili zilianza mwaka 330, Konstantinopoli ilipozinduliwa. Geuza: utakuta kichwa chenye kofia ya chuma na maandishi VRBS ROMA au CONSTANTINOPOLIS. Usitafute mfalme hapa, hayupo. Kichwa hicho ni mfano wa mji wenyewe, Roma ya zamani na Roma mpya.

*Malaika wawili wa ushindi wanatazamana, kila mmoja na shada.* VICTORIAE DD AVGGQ NN, mwaka 347 na 348, viwanda vya magharibi.

*Askari anamchoma mkuki adui anayeanguka pamoja na farasi wake.* FEL TEMP REPARATIO, kuanzia mwaka 348 hadi mwishoni mwa miaka ya 350. Ni picha yenye vurugu, na kwenye sarafu ndogo huonekana kama fundo la mistari. Tafuta kwanza mguu ulionyooka wa askari upande wa kushoto, kisha ngao iliyolala chini. Ukivipata hivyo, mengine yatajitokeza.

*Mfalme anamburuta mateka kwa nywele, mkono mwingine umeshika bendera.* GLORIA ROMANORVM, mwaka 364 hadi 378. Mwenzake wa miaka hiyohiyo ni *malaika wa ushindi anayetembea kuelekea kushoto na shada mkononi*, SECVRITAS REIPVBLICAE.

*Malaika wa ushindi anaburuta mateka, sarafu ya milimita 13.* SALVS REIPVBLICAE, kuanzia mwaka 388. Angalia tofauti na ile ya GLORIA ROMANORVM: huyu ana mabawa na mzigo begani, yule mwingine ni mfalme mwenyewe.

*Hakuna picha, kuna shada na maandishi ndani.* VOT X MVLT XX na jamaa zake ni nadhiri za utawala: miaka kumi imetimia, ishirini inaombwa. Tarakimu si mwaka wa kutengenezwa. Ziandike zote jinsi zilivyo, kwa kuwa watawala tofauti wana tarakimu tofauti.

Umefanikiwa hatua hii ukiweza kuandika kipindi kisichozidi miaka kumi na tano hivi. Wengi hushangaa kuwa wamefika hapo na bado hawajui ni mfalme gani.

Hatua ya 4: Alama iliyo chini ya picha

Chini kabisa ya picha ya nyuma, chini ya mstari wanaokanyaga askari, kuna herufi chache. Zinataja mji wenye kiwanda cha sarafu na karakana ndani ya kiwanda hicho. Ilikuwa njia ya usimamizi: sarafu ikikutwa na upungufu, wakubwa walijua wamwendee nani.

Zigawe hivi. SM, ikiwepo, ni Sacra Moneta, kiwanda kitakatifu cha mfalme, iweke pembeni. Kinachobaki ni mji na karakana. Magharibi karakana huhesabiwa kwa herufi za Kilatini P, S, T, Q, yaani ya kwanza hadi ya nne. Mashariki huhesabiwa kwa Kigiriki: A ni 1, B ni 2, Γ ni 3, Δ ni 4, Є ni 5.

Kwa hiyo SMKΓ ni Cyzicus, karakana ya tatu. SMNA ni Nicomedia, ya kwanza. SMHB ni Heraclea. SMTSΔ ni Thesalonike. SMAN ni Antiokia na SMAL ni Aleksandria. TRP na TRS ni Trier, PLG ni Lyon, AQP ni Aquileia, RP ni Roma. PLON ni London, kiwanda kilichofungwa mwaka 325, kwa hiyo ukisoma PLON chini ya askari wawili umesoma vibaya, rudia. Siscia, ambayo leo ni Sisak nchini Korasia, hutumia herufi za Kigiriki ingawa iko upande wa magharibi, na huziweka mbele: ASIS, BSIS, ΓSIS.

Mtego mkubwa ni neno CONST. Mji wa Arles ulibadilishwa jina mwaka 328 ukaitwa Constantina. Ukiona PCONST au SCONST, yaani P au S imetangulia, hiyo ni Arles. Ukiona CONS ikifuatwa na herufi ya Kigiriki, kama CONSA au CONSB, hiyo ni Konstantinopoli. Miji hiyo miwili iko pembe mbili za himaya, na lebo nyingi za kuuzia zinaichanganya.

Nukta, nyota, mwezi mwandamo au tawi vilivyo ndani ya alama si uchafu. Vinatenganisha toleo moja na jingine. Vichore kwenye daftari mahali pake halisi.

Kama sehemu hii imekatika kwa sababu kipande cha shaba kilikuwa kidogo kuliko muhuri, andika "kiwanda hakisomeki" na usonge mbele. Usikisie kiwanda kwa kuangalia mtindo wa uchongaji hadi umeshika mamia ya sarafu.

Hatua ya 5: Jina

Sasa geuza. Maandishi huanza chini kushoto, hupanda, na kushuka upande wa kulia. Hakuna nafasi kati ya maneno, U huandikwa V, na karibu kila kitu kimefupishwa.

Usianze na mwanzo. Anza na mwisho, kwa sababu mwisho ndio wenye cheo. AVG ni Augusto, mfalme mkuu. NOB C au NOB CAES ni Kaisari, na wakati huu Kaisari ni mtawala mdogo, mara nyingi mrithi; usimchukulie kama yule Kaisari wa Injili.

Kisha shughulika na familia inayosumbua watu:

CONSTANTINVS ina herufi 12. CONSTANTIVS ina 11. CONSTANS ina 8. Zinazotangulia ni zilezile, CONSTAN, kwa hiyo kuzisoma hizo hakukusaidii chochote. Angalia kinachofuata: TINVS, TIVS, au S peke yake. Weka lenzi hapo na usitoke hadi uwe na uhakika.

CONSTANTINVS MAX AVG ni Constantinus Mkuu. CONSTANTINVS IVN NOB C ni mwanawe wa jina lilelile, akiwa Kaisari. FL IVL CONSTANTIVS NOB C ni Constantius II kabla ya Septemba 337; baada ya hapo ndugu wote watatu ni AVG. Ndiyo maana askari wawili wenye bendera moja wanaweza kuwa wa kabla au baada ya kifo cha baba yao mwezi Mei 337, na ni cheo kinachoamua.

Baadaye katika karne, maandishi huanza na DN, Dominus Noster, bwana wetu: DN VALENS P F AVG, DN VALENTINIANVS P F AVG, DN GRATIANVS. P F ni Pius Felix, sifa za heshima za mfalme. Hapo pia hesabu urefu. VALENS ni fupi sana. Kama herufi za jina ni zaidi ya sita, si yeye.

Hatua ya 6: Kichwa, na alichovaa

Uso wenyewe bado hausemi mengi. Kilichovaliwa kichwani kinasema.

Shada la majani ni la kabla ya mwaka 324 hivi, au la Kaisari hadi mwaka 337. Utepe wa lulu au vito ni wa kuanzia hapo kwenda mbele. Kichwa kitupu baada ya mwaka 350 ni dalili nzuri sana: ni Magnentius, au Decentius, au Constantius Gallus, au Julianus akiwa Kaisari. Ndevu ndefu kwenye shaba kubwa yenye fahali upande wa nyuma ni Julianus akiwa Augusto, kati ya mwaka 361 na 363.

Kichwa kilichofunikwa shela, kwenye sarafu ya milimita 15, ni Constantinus Mkuu baada ya kufa. Nyuma yake mara nyingi kuna gari la farasi wanne likipanda na mkono ukishuka kutoka mbinguni kumpokea. Kati ya sarafu zote hizi ndogo, hiyo ndiyo niipendayo kuliko nyingine. Ni ya bei nafuu, na anayeijua hufurahi kila anapoikuta.

Hatua ya 7: Thibitisha

Sasa ndipo uingie mtandaoni. Hazina ya taarifa inayoaminika ni OCRE ya American Numismatic Society, chama cha Marekani cha wataalamu wa sarafu, haina malipo. Chuja kwa mtawala, kiwanda na maandishi. Ukifuata hatua zilizotangulia, utabaki na majibu machache badala ya mamia.

Namba utakayoipata ni ya katalogi ya Roman Imperial Coinage, RIC. Juzuu la VI ni mwaka 294 hadi 313, VII hadi 337, VIII hadi 364, IX hadi 395, na X kutoka hapo. Kwenye juzuu la VI hadi IX namba huanza upya kwa kila kiwanda. "RIC VII 50" haina maana bila jina la mji, kwa hiyo mji uandikwe daima.

Linganisha mambo manne: maandishi ya pande zote mbili, picha, vazi la kichwa, na alama ya chini pamoja na nukta zake. Moja lisipolingana, hiyo si namba yako hata kama picha inapendeza.

Mfano mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho

Sarafu ina milimita 17.5 na gramu 2.4. Nyuma kuna askari wawili, bendera mbili. Maandishi yanayosomeka ni GLOR na XERC. Chini kuna TRS. Mbele yanasomeka TINVS IVN N, na kichwa kina shada la majani.

Bendera mbili: mwaka 330 hadi 335, na kipimo kinakubali. TRS: Trier, karakana ya pili. TINVS IVN: Constantinus II akiwa Kaisari. Shada: linaafiki cheo. Hatujautazama uso wala hatujauhitaji.

Zinazodanganya

Katika miaka ya 350 watu wa Uingereza na Gaul (Ufaransa ya leo) walitengeneza wenyewe sarafu za kuiga picha ya askari na mpanda farasi. Ni ndogo mno, pengine milimita 10, na herufi zake ni mistari isiyosomeka. Ni za kale kweli. Usizilazimishie kiwanda, ziandike "ya kuiga, miaka ya 350".

Za kughushi za leo hujitambulisha ukingoni: mstari wa kuungia umbo, au vitundu vya hewa vinavyoonekana kwa lenzi. Na usikubali bei kubwa kwa neno "adimu". Mwaka 2013 huko Seaton Down, Devon, zilifukuliwa pamoja sarafu 22,888, nyingi zikiwa za aina hizihizi za Constantinus na wanawe.

Jambo la kututazamisha sisi wa Afrika Mashariki: shaba ndogo yenye msalaba, wakati mwingine na dhahabu iliyopakwa katikati, na maandishi ya Kigiriki au Kige'ez, huenda ni ya Aksum, ufalme wa Ethiopia na Eritrea uliotengeneza sarafu zake wakati huohuo. Wauzaji wasiojua huiweka kwenye fungu la Kirumi. Usiisafishe, itafutie mtu anayeijua.

Kuandika kibahasha

Tumia kibahasha cha karatasi isiyo na asidi, sarafu moja kila kimoja. Andika kabla ya kuiweka ndani: mtawala na cheo, kipindi, picha ya nyuma, mji na karakana, namba ya RIC, kipenyo, uzito, na mahali ulipoipata. Herufi ulizoziona kwa macho yako ziandike kawaida. Ulizozikamilisha kwa kukisia ziweke ndani ya mabano ya mraba: GLOR[IA E]XERC[ITVS]. Pale usipokuwa na hakika weka alama ya kuuliza na uache nafasi wazi, ili mwingine atakayeishika sarafu hiyo akiwa na taa nzuri zaidi ajue aanzie wapi.